Gubu ni la Nani?

Neno gubu lina upendeleo. Kwa miaka yote niliyoishi na lugha hii sijapata kulisikia likitajwa kwa mwanamume ila kwa mzaha, na mzaha wenyewe ni wa kumshusha: "fulani ana gubu kama mwanamke." Vinginevyo gubu ni la mke, ni la mama mkwe, ni la wifi. Mwanamume arudiaye neno lile lile asubuhi na jioni tunamtafutia jina jingine lenye heshima: anakumbusha, anausia, anasisitiza, ana msimamo. Akizeeka na tabia hiyo tunamwita mzee wa nasaha. Mkewe akirudia neno hilo hilo, pengine kwa sauti ya chini kuliko yake, ana gubu.

Nayaandika haya kwa sababu ya mashairi. Msomaji wa ushairi wetu wa magazetini na redioni anaujua mkondo huu vizuri: mume analia kwamba nyumba imemshinda kwa mdomo wa mkewe, malenga mwenzake anamjibu kwa kumpa pole, wa tatu anaingia na ushauri wa kuoa wa pili au kuhamia barazani. Vina vimepangika, mizani imetimia, kituo kinagonga. Lakini pekua beti zote kumi na mbili, hutakuta hata mshororo mmoja unaotuambia huyo mke alikuwa akisema nini. Alikuwa akiuliza habari za karo? Alikuwa akidai pesa ya soko? Alikuwa akitaka kujua mume alilala wapi? Hatuambiwi. Tunaambiwa kwamba alisema, tena alisema sana, na hilo limetosha kumtia hatiani.

Sisemi washairi wasitunge juu ya gubu. Nasema kwamba mwenye kuyalalamikia maneno ya mtu ana wajibu wa kutuletea maneno yenyewe, tuyapime.

Nitaleta ushahidi wangu kutoka mahali ambapo huenda baadhi ya wasomaji wasipatarajie, nao ni hadithi ya watoto. Naleta hiyo kwa kuwa nimeisikia ikifafanuliwa mbele ya wanafunzi kuwa ni funzo juu ya mke mbaya anayemsukuma mumewe hadi kaburini. Ni hadithi ya Rudyard Kipling, Mwingereza aliyezaliwa Bombay mwaka 1865, nayo imo katika kitabu chake The Jungle Book cha mwaka 1894. Jina lake ni "Rikki-Tikki-Tavi", jina la nguchiro aliyesombwa na mafuriko akaokotwa na familia ya Kiingereza katika nyumba moja ya Segowlee, huko India, na akawa mlinzi wa mtoto wao, Teddy, dhidi ya nyoka wa bustanini.

Bustani hiyo ina ndoa tatu. Kuna swila wawili, Nag na mkewe Nagaina. Kuna ndege wawili washonao kiota chao kwa majani, Darzee na mkewe. Na kuna Waingereza wawili wenye nyumba. Kabla sijaendelea, neno la pembeni kwa wapenzi wa lugha. Jina Nag ni neno la Kihindi la swila, nalo halina udugu wowote na kile kitenzi cha Kiingereza kinachoandikwa vivyo hivyo na kumaanisha kutia gubu. Hicho kimetoka kaskazini ya Ulaya, kwenye neno la kuguguna. Hao ni majina tu yaliyokutana njiani. Darzee ndiye wa kwetu zaidi: ni fundi cherehani, jina lenye asili ya Kiajemi, na Mswahili hahitaji kamusi kuusikia ndani yake udugu wa kitenzi chetu kudarizi.

Tuanze na swila, kwa kuwa Nagaina ndiye mshtakiwa. Mashtaka ni kwamba alimchochea mumewe aingie ndani ya nyumba ya watu kuua, na mume akauawa yeye. Haya, tuyalete maneno. Usiku, kwenye tundu la kupitishia maji ya bafu, Nagaina anamweleza Nag mpango: aingie kimya kimya, amwanze yule bwana mkubwa, kwa maana nyumba ikikosa watu nguchiro naye hatakuwa na sababu ya kubaki. Nag anauliza swali: kuna faida gani hasa katika kuwaua watu? Naye anajibiwa kwa hoja. Walipokuwa hawajaja watu, hapakuwa na nguchiro bustanini. Na mayai yao yaliyomo katika shamba la matikiti yakianguliwa, kama yawezavyo kuanguliwa kesho, watoto watahitaji nafasi na utulivu. Nag anakiri kwamba hilo hakulifikiria. Kisha anakubali, na kwa hiari yake mwenyewe anaongeza idadi ya watakaouawa.

Hayo ndiyo mazungumzo yote. Mke katoa shauri, mume kauliza, mke kajibu, mume karidhika. Hakuna kilio, hakuna kurudiwa kwa neno, hakuna simango la "ungekuwa mume kama waume wengine". Ukiyatoa hayo katika vinywa vya nyoka ukayatia katika vinywa vya mawaziri wawili, utayaita mashauriano ya vita. Shauri lenyewe ni ovu, sikatai. Ni shauri la kuua familia usingizini. Lakini uovu wa shauri si gubu, na Nag hakufa kwa maneno ya mkewe. Alifariki kwa sababu alijizungusha kwenye mtungi wa maji akasinzia, nguchiro akamrukia kichwani, na bwana mwenye nyumba akaja na bunduki. Anayetaka kumtia Nagaina hatiani ana kosa la kutosha la kumshitakia. Haina haja kumbambikia la mdomo.

(Nami kama mtu wa nchi iliyowahi kutawaliwa, siwezi kuisoma hoja ya Nagaina bila kusita kidogo. Bustani ile ilikuwa yao kabla ya nyumba. Kipling hakukusudia tusite hapo, nadhani, lakini msomaji naye ana haki zake.)

Sasa njoo kwa ndege. Kinda mmoja wa Darzee alianguka kutoka kiotani, Nag akamla. Huo ni msiba wa nyumba yao. Darzee anaufanyia nini? Anaimba. Nag alipouawa na mwili wake kutupwa jaani, Darzee anaimba. Nagaina yungali hai, ana mayai 25 katika matikiti, kila yai ni swila wa kesho, na Darzee anaimba. Rikki anapomwomba ajifanye amevunjika bawa ili Nagaina amfuate na kuyaacha mayai, Darzee hana nafasi kichwani ya kuweka fikra mbili kwa wakati mmoja. Tena anaona si haki kuvunja mayai, kwa kuwa watoto wa Nagaina wamo mayaini kama walivyokuwa wake. Mkewe ndiye anayeelewa. Mkewe anashuka chini, anaburura bawa mbele ya nyoka aliyemla mwanawe mumewe nyoka huyo, anapiga ukelele kwamba kijana wa nyumbani amemvunja kwa jiwe, na Nagaina anamfuata. Bibi ndege anahatarisha roho yake. Bwana amebaki kiotani akiwatia watoto joto na kuendelea na utenzi wake. Kipling mwenyewe, ambaye hakuwa mtetezi wa wanawake, anashindwa kujizuia hapo na kutupia neno la kejeli kwamba Darzee alikuwa na mambo fulani ya kiume kabisa.

Na mwishoni, Nagaina anapokimbia na yai la mwisho mdomoni, ni mke huyo huyo anayeruka kutoka kiotani na kumpigia mabawa kichwani kumchelewesha. Darzee anaimba. Nguchiro anapomfuata nyoka shimoni, Darzee anatoa rambirambi za Rikki kabla Rikki hajafa.

Nilipowahi kuieleza hadithi hii katika baraza la washairi, mmoja wao alinitaka nimtungie beti badala ya kumhubiria. Nikamtungia:

Mume yu juu mtini, nyimbo zake hazikomi,
Mkewe kashuka chini, avuta bawa, hasemi,
Adui yu mlangoni, na mwimbaji hatazami,
Nauliza hadharani, mwenye gubu ndiye yupi?

Hakunijibu kwa beti. Aliniambia kwamba Darzee ni msanii.

Lakini kiini cha hoja yangu kimo katika kipande kingine cha hadithi, kidogo sana, ambacho wasomaji hukiruka. Asubuhi baada ya Nag kuuawa, Rikki anamwendea Darzee na kumwuliza Nagaina yuko wapi. Darzee anamjibu kwa wimbo wa sifa. Rikki anauliza tena. Wimbo unaendelea. Rikki anamtukana, anamwita mjinga, anatishia kwamba angelifika kiotani angeyatupa makinda yake chini. Kisha anauliza, naye mwenyewe anahesabu, kwa mara ya tatu. Ndipo Darzee anajibu, na jibu lenyewe ni fupi: yuko jaani karibu na banda la farasi, analia maiti ya mumewe.

Mtu aliyeuliza swali moja mara tatu, akapaza sauti, akatukana, akatishia watoto wa mwenziwe: huyo ni nani? Katika hadithi ni shujaa. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuwaambia wanafunzi kwamba Rikki ana gubu. Kila mtoto anaelewa kwamba Rikki anarudia kwa sababu hajajibiwa, na kwamba kero ya kipande kile inatoka kwa Darzee. Linganisha na ndoa ya tatu, ya wale Waingereza. Mama Teddy anaingiwa na hofu kwamba nguchiro atamng'ata mtoto usingizini. Anasema mara moja. Mumewe anamweleza kwamba mtoto yuko salama zaidi na mnyama huyo kuliko na mbwa wa kulinda, na kwa nini. Hofu imejibiwa, mke hairudii tena. Hapo pana siri yote ya hilo mnaloliita gubu: swali lililojibiwa halirudi, na lisilojibiwa hurudi likiwa na sauti kubwa zaidi.

Mtaniambia kwamba gubu lipo, nami nitakubali kwamba lipo. Wapo watu, wa kike na wa kiume, ambao ulimi wao hautosheki kwa jibu lolote. Lakini Kiswahili si lugha maskini hata tulitie kila neno la mke katika kapu moja. Kulalama ni kueleza maumivu. Kunung'unika ni kuyaeleza kwa woga, nusu kinywani nusu moyoni. Kusimanga na kusimbulia ni kumhesabia mtu fadhila ulizomtendea, na huko ni kuumiza kwa kusudi. Kuchagiza ni kusukuma jambo bila kumpa mtu nafasi ya kupumua. Kudadisi ni kutaka kujua. Kudai ni kutaka chako. Mwenye duka akija mlangoni mara tatu kwa deni la unga na mafuta hatumwambii ana gubu. Tunamwita mdai, na anayeona haya ni mwenye nyumba. Mke akiuliza mara tatu mshahara umekwenda wapi, yeye naye anadai, kwa kuwa unga na mafuta hayo aliyachukua yeye, kwa uso wake. Ila jina la mdai hapewi. Anapewa jina ambalo likishatamkwa hakuna tena wa kuuliza kama deni lipo.

Nitasema mahali ambapo jina hilo lilifanya kazi mbele ya macho yangu. Niliitwa, kama shangazi, katika kikao cha kusuluhisha nyumba ya jamaa. Majina nitayahifadhi. Mume ndiye aliyekiitisha, na shitaka lake lilikuwa gubu: hapati usingizi, mke kila siku ni swali moja. Wazee walimsikiliza kwa huruma. Mmoja wao, mtu mwema kabisa, alimgeukia mke akasema, "Mwanangu, nyumba haijengwi kwa mdomo. Mwanamume akirudi amechoka, mpe maji, mpe chakula, maneno yawekee kesho." Wote wakatikisa vichwa. Mke hakujibu kitu. Nikauliza mimi: hilo swali moja ni lipi? Pakawa kimya. Mke akasema, akitazama mkeka, kwamba alikuwa akiuliza hati ya nyumba iko wapi, maana ilikuwa sandukuni na sasa haimo. Mara ya kwanza aliambiwa yuko rafiki aliyepewa aitunze. Mara ya pili hakuambiwa kitu. Mara ya tatu ndiyo iliyokiita kikao.

Nikamgeukia mume nikamwuliza hati iko wapi. Mzee mwingine akacheka, akasema, "Haya, na shangazi naye kaanza gubu." Watu wakacheka, kikao kikapoa, tukaletewa chai.

Hati ilikuwa kwa mkopeshaji. Miezi michache baadaye walikuja watu wawili na karatasi, wakapima nyumba kwa macho. Yule mama ana watoto wanne, na chumba cha uani alikuwa amekijenga kwa pesa ya vitumbua.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hupatikana kwa kuulizwa. Kwa maneno mengine, yule mama hakuwa akimsumbua mtu. Alikuwa akilitekeleza kwa mdomo wake jambo ambalo sheria ilimpa kwa maandishi. Alikosa haki hiyo miezi mingi kabla ya mkopeshaji kubisha hodi. Aliikosa siku swali lake lilipobadilishwa jina, na waliolibadilisha si wakatili. Walikuwa wazee wenye huruma, wanaokijua Kiswahili kizuri. Shauri lake bado liko mahakamani ninapoandika haya.

Wako watakaosema kwamba desturi yetu ndivyo ilivyo tangu kale, na kwamba mimi naleta ya kigeni. Basi na tuende kwenye ya kale. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizosimuliwa Unguja, na miongoni mwake imo ya kima na papa, ile yenye kisa cha punda wa dobi ndani yake. Papa na kima ni marafiki. Kima yu juu ya mkuyu akimtupia papa matunda. Papa anamkaribisha kwao, anambeba mgongoni, na wakiwa katikati ya bahari anamwambia ukweli: moyo wa kima unatakiwa uwe dawa. Hadithi hii ilisafiri. Katika Panchatantra ya India ni mamba na nyani, na anayetaka moyo ni mke wa mamba, mwenye wivu na urafiki ule, akashika mgomo wa kutokula hadi mume akubali. Katika Kalila wa Dimna ya Kiarabu mamba amekuwa kobe, na mke wa kobe anajitia ugonjwa kwa shauri la jirani yake. Ndoa ya wanyama, mke mkorofi, mume dhaifu aliyesalitishwa na rafiki yake: yote yapo, yamekomaa, yanamngoja msimulizi wa Unguja ayachukue.

Naye hakuyachukua. Katika hadithi ya Steere papa hana mke. Anayeumwa ni sultani wa nchi yake.

Sidai kujua kwa nini. Pengine njia iliyoileta hadithi ilikuwa nyingine, pengine msimulizi aliona mbele yake jumba la sultani halisi na kuelewa zaidi kuliko sisi ni nani hutuma watu wakaue marafiki zao. Ninachodai ni kwamba wazee wetu waliweza kuisimulia hadithi hiyo vizuri sana, hadi ikadumu, bila ya kuhitaji mke wa kumbebesha lawama. Sisi tulioendelea ndio tunaomrudisha. Nimeisikia ikisimuliwa upya kwa watoto, papa kageuka mamba tena na mke wake karejea, anafoka kutoka ukurasa wa kwanza. Huko Marekani walifika mbali zaidi: katika mkusanyo wa Ellen C. Babbitt wa mwaka 1912, atakaye nyani wa kula ni mama yake mamba. Mke ametoka, mama kaingia. Maadamu ni mwanamke.

Hayo ya kigeni kwa kweli ni mazee kuliko tudhanivyo. Uingereza ilikuwa na kosa la jinai la kuwa mwanamke mgomvi wa maneno, kosa lisiloweza kutendwa na mwanamume, na adhabu yake ya zamani ilikuwa kufungwa kwenye kiti na kuzamishwa majini mbele ya watu. Halikufutwa rasmi hadi mwaka 1967. Sisi hatukuwahi kuwa na kiti hicho. Tuna kikao na chai.

Kwa wanaopenda ushahidi wa wataalamu, Andrew Christensen na Christopher Heavey walichapisha mwaka 1990 uchunguzi juu ya wanandoa wakijadili jambo la kubadilishwa. Jambo likiwa ni lile alitakalo mke, mke hudai na mume hujitoa. Jambo likiwa ni lile alitakalo mume, tofauti hiyo kati yao karibu itoweke. Sikuhitaji uchunguzi huo ili nishawishike, kwa kuwa nimeishi na watu, lakini nauweka hapa kwa ajili ya wale ambao mwanamke akisema huwa hawajasikia.

Na najua ni nani atakayeletwa mbele yangu kunijibu. Ataletwa Mwana Kupona. Kila harusi, kila mafunzo ya mwari, kila shairi la kumtuliza mke, lazima utenzi wake wa mwaka 1858 utajwe kuwa ni hati ya kimya cha wanawake. Nauheshimu utenzi huo kuliko wengi wanaoutaja, kwa maana nimeusoma wote. Huyo ni mjane mgonjwa wa Pate, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, anamwachia bintiye silaha za kuishi katika dunia ambayo mume ndiye mlango wa kila kitu. Alizipanga silaha hizo kwa beti zipatazo mia moja. Beti mia! Mwanamke anayetumiwa kuwa shahidi wa kimya ndiye aliyesema kwa urefu ambao wengi wa malenga wenye kumtaja hawajaufikia. Na anapofika mahali pa kumfundisha bintiye namna ya kumtunza mume, mfano anaouleta ni wa mtoto mdogo asiyeweza bado kunena. Msomaji na atazame vizuri ni nani katika utenzi huo asiyejua kusema.

Sitaki neno gubu lifutwe. Neno likifutwa tabia hubaki, nayo ikikosa jina hukua gizani. Nataka lipewe mume. Watunga kamusi wenzetu, mtakapofika herufi ya G na kutafuta sentensi ya kuonyesha matumizi, naomba ile ya mke anayemkosesha mumewe usingizi muipumzishe. Andikeni: Baba yule ana gubu, kila jioni huuliza chumvi iko wapi, nayo iko mbele yake.